Hodi Kutoka Kwamshitu

Kitendawili. Msiniambie tega upesi, wajukuu zangu, ngojeni kwanza nimalize kukasirika.

Nyumba nimeijenga mimi, tofali nimefyatua mimi, vyombo vya ndani vyote ni vyangu. Lakini kila nikitaka kuingia nabisha hodi kwa mtu nisiyemjua. Ni nini hiyo? Mkishindwa nipeni mji, na uwe wa karibu, magoti yangu hayataki safari.

Ni Kasri. Miaka ile kila kitu ambacho watu waliandika kwa pamoja kilikaa Kasri, mtandao wa kampuni ya mbali: zamu za maji, mbegu za maharage, nyimbo za kwaya, hata majina ya watoto wa kipaimara. Mtu wa Ivuga akiandika neno, wa Kwamshitu ng'ambo ya mlima analiona hapo hapo na kuongeza la kwake. Kilikuwa kitu kizuri, sikatai. Wakunga wetu nao walikuwa na ukurasa wao, tuliuita Ukurasa wa Damu. Kila mtu wa milima hii aliyekubali kutoa damu aliandikwa humo jina lake, kundi lake, na neno moja pembeni: yupo, au hayupo. Mama akitokwa na damu, mkunga anagusa ukurasa kwenye simu yake, ukurasa unamwita mtoaji aliye karibu, anakwenda zahanati ya kwao, na kipanga cha bati kinaruka na mfuko wa damu juu ya mlima.

Kisha Kasri wakaleta masharti mapya. Kila mama atakayejifungua, kilio chake, maumivu yake na sauti ya kwanza ya mtoto wake vitakuwa mali ya Kasri, mashine zao zijifunzie. Mkunga wetu Navoneiwa alisema yeye hauzi kilio cha mtu, na wakunga wenzake wote wakakataa kubonyeza Nakubali. Mlinzi wa kurasa za mlima wetu alikuwa kijana wa Kwamshitu aitwaye Mbonea, ameajiriwa na Kasri. Akaletewa amri ya kufunga. Akafunga.

Siku hiyo hiyo binti yangu Nanzia alikuwa anajifungua.

Sitaeleza sana. Mtoto alitoka mzima, analia vizuri. Damu ya mama yake haikusimama. Navoneiwa akagusa ukurasa, akakuta umekuwa wa kijivu, hauitiki. Akampigia Mbonea amfungulie. Mbonea akamjibu kwa adabu kabisa, adabu ile ya watu wa ofisini: "Kanuni ni kanuni, mama. Mimi nimetumwa tu."

Hakuuliza nani anajifungua. Hakuuliza ni damu gani inatakiwa.

Ilikuwa O hasi, damu ambayo haipatikani ovyo. Habari ilivuka mlima baada ya mazishi, maana mwenye damu hiyo mwenyewe alikwenda kumlilia mchungaji wake: katika milima yetu yote mwenye O hasi aliyekuwa karibu siku ile alikuwa mmoja tu, na ni yeye Mbonea. Ukurasa ungekuwa wazi ungemwita yeye. Navoneiwa alikuwa anaongea na damu yenyewe kwenye simu, asijue.

Mazishini hakuja.

*

Namsifu, mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake Nanzia, alirudi kutoka Arusha alikokuwa akitengeneza mitambo. Alikuja na boksi moja la chuma, kubwa kama sufuria ya ugali wa harusini. Akaniambia tutajitoa Kasri. Nikamuuliza tutakwenda wapi, akasema hatuendi popote, tutakaa kwetu. Akaanza kunieleza kwa maneno ya shuleni, na mimi shule yangu iliishia darasa la saba, nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mwenye njaa.

Akanionyesha kwa kidole ndiva yetu kule juu. Wageni wasioijua, ndiva ni bwawa dogo la wazee wetu. Kila kitongoji kina ndiva yake, kinakusanya maji yake, kinafungua kwa zamu, na mifereji inaunganisha moja na nyingine. Hakuna ndiva mama. Moja ikipasuka, zilizobaki zina maji.

"Basi Bibi, boksi hili ni ndiva ya maneno," akasema. "Tutakachoandika Ivuga kitakaa Ivuga. Tukimfungulia jirani mfereji, na yeye anapata nakala yake, na yake inakuja kwetu. Mfereji ukikatika, kila mtu anabaki na alichonacho. Ukirudi, ndiva zinaambiana zilipoishia. Kanuni za mfereji ziko wazi, yeyote anazisoma, yeyote anajenga ndiva yake, haombi ruhusa kwa mtu."

Nilimwambia hiyo nimeielewa, na kwamba Kasri walikuwa wametufukuza kwenye ndiva zetu wakatupa vikombe.

Msaragambo ukaitwa, kazi ya kijiji kizima. Pembe ikapigwa asubuhi na watu wakatoka na majembe kama tunachimba barabara. Wanaume wakasimamisha mlingoti juu ya banda la zamani la kukaushia tangawizi, mafundi wakafunga paneli za jua, betri tukatoa kwenye pikipiki ya umeme iliyokufa. Wanawake tulipika makande, na tuliwasema wavivu kwa majina. Nilikuwa na mtoto wa Nanzia mgongoni, na hasira yangu ilikuwa inafanya kazi kama mtu wa tatu. Nilibeba mawe ambayo umri wangu haukuniruhusu.

Boksi likawashwa, likawaka taa ya kijani, na mfereji ukakataa. Kila ndiva ya jirani zetu waliotutangulia tuliyoibishia hodi ilitufungia mlango. Namsifu alihangaika, akachomoa nyaya, akazirudisha, akaandika tena ufunguo wetu, hola. Kisha akatazama kioo, akaniangalia na kuangalia pembeni.

Nikamwambia aseme. Akasema tatizo ni saa. Boksi lilikuwa stoo muda mrefu bila moto, na saa yake ilisimama. Linadhani leo ni siku ya zamani. Ndiva nyingine zikiona ufunguo wa mtu asiyejua leo ni lini, zinamwona mwongo.

Nikauliza, linadhani ni lini? Akanitajia. Nanzia alikuwa hai siku hiyo. Mimba ilikuwa haijaonekana hata kwenye gauni.

Nilikaa juu ya gunia. Nikamwambia Namsifu aliache boksi kidogo kabla hajaligusa. Aliliacha. Nikalitazama lile boksi jinga lililokuwa peke yake duniani halijapata habari, nikalionea wivu mpaka meno yakauma. Halafu nikasema, rekebisha. Akarekebisha, na mifereji ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Ukurasa wa Damu tukauandika upya humo.

Watu wakasema ufunguo wa ndiva akae nao Bibi Nakijwa, ndiye mimi, kwa kuwa sitausinzia. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua nyumba gani, yaani ndiva ya nani, iingie. Niliupokea na sikusema asante, niliona ni haki yangu.

*

Kasri hawakukaa kimya. Walianza kutuma vivuli.

Kivuli ni mashine inayojifanya kitongoji. Inabisha hodi kwa sauti ya mtu, inakusalimu kwa Kipare safi, inakuuliza mvua zimeanzaje. Ukiifungulia, inakomba kila ukurasa na kuupeleka Kasri, vilio na yote. Ndiva mbili za kule bondeni zilikombwa hivyo. Namsifu alikuna kichwa namna ya kumtambua mtu, kwa maana mashine zile zilijua kila kitu ambacho mtu anajua.

Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia, basi tuwaulize kitu ambacho mtu hakijui.

Ikawa desturi ya mlango wetu. Nyumba ikibisha hodi, mimi nasema kitendawili, na kitendawili chenyewe nakitunga hapo hapo, hakina jibu hata kwangu. Siku moja ilibisha nyumba ikajiita ya Mtae. Nikatega: kuku wangu kavaa miwani, anasoma kivuli cha jirani. Kabla sijafunga mdomo ikajibu kwamba ni mwezi, na maelezo marefu yenye heshima tele. Nikabonyeza Kivuli. Kesho yake wakabisha wanawake wa bonde la Vumari, nikawatega kuku huyo huyo. Wakacheka, wakabishana wao kwa wao, mmoja akasema ni mganga wa macho, mwenzake akamwambia anyamaze, mwisho wakasema, ah Bibi, umetushinda, chukua mji, tunakupa Same yote na vumbi lake. Nikabonyeza Mtu.

Mashine haiwezi kushindwa, ndiyo siri. Haijui kusema sijui, chukua mji. Tukawapa ndiva zote kanuni hii: anayejibu ni kivuli, anayetoa mji ni mtu. Na nikibonyeza Kivuli, ndiva zote za mfereji zinaniamini, jina hilo linafungiwa kila mahali.

Naomba mkumbuke hilo. Jina linafungiwa kila mahali.

*

Ilikuwa mchana wa jua kali. Navoneiwa alikuwa amekuja kupumzika kwenye banda, viatu kavua, analalamika miguu. Alikuwa anatueleza kwamba upande wa Kwamshitu kuna binti mimba yake imeshuka, naye ni mwembamba na damu yake ni ya shida, na kule hawana ukurasa wowote tangu Kasri wafunge. Ivuga tuko kwenye shimo. Mawimbi yetu yalikuwa yanazunguka kwa chini, na kuuvuka mlima yalihitaji mlingoti wa Kwamshitu.

Boksi likalia. Hodi.

"Nani?" akauliza Namsifu.

"Ndiva ya Kwamshitu. Shikamoo, Mama Nanzia."

Sikuhitaji kuambiwa. Sauti ile ile ya adabu. Mbonea alikuwa ameacha kazi Kasri, akaurithi mlingoti waliouacha, akasoma kanuni za mfereji zilizo wazi kwa kila mtu, akajenga ndiva yake. Na alipofika mlangoni kwangu aliniita kwa jina la mwanangu, kama ilivyo heshima.

Sikuitikia shikamoo yake. Navoneiwa aliacha kusugua miguu. Namsifu alininong'oneza kwamba inaweza kuwa kivuli, Kasri wana sauti ya Mbonea, nitege kama kawaida.

Nikatega. Lakini sikutega kuku.

"Kitendawili."

"Tega," ikasema ile sauti.

"Mlinzi alifunga mlango wa zahanati. Mgonjwa alikufa nje. Dawa ilikuwa mwilini mwa mlinzi."

Namsifu alinigeukia taratibu. Yeye ndiye aliyejenga ule mlango, aliuelewa mtego wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kitendawili hiki kilikuwa na jibu. Mbonea akilisema, amejibu, na kanuni inasema anayejibu ni kivuli. Akikwepa na kunipa mji, amejidai hajui alichomfanyia mwanangu, na mimi nitajua nimefungua mlango kwa mwongo. Nilikuwa nimemchimbia shimo lenye midomo miwili, na niliona raha. Nasema hivi ilivyokuwa, niliona raha.

"Bibi," akasema Namsifu, "hicho siyo kitendawili. Hicho ni kisu."

Nikamwambia anyamaze.

Boksi lilikaa bila neno. Mashine haijawahi kukaa bila neno. Navoneiwa alilijua hilo, nilimwona akiinama kama mtu anayesikiliza tumboni mwa mama.

Kisha sauti ikasema, "Ni mimi. Jibu ni mimi, Mbonea mwana wa Lukio."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha Kivuli. Namsifu akaushika. Hajawahi kunishika mkono hivyo tangu azaliwe, na mimi nilimwogesha.

Alisema nami kwa sauti ya chini lakini haikuwa ya upole. Alisema ninajua kabisa huyu ni mtu. Alisema nikibonyeza hapa, siyo Mbonea peke yake atakayefungiwa, ni Kwamshitu nzima, na siyo kwetu tu, kila ndiva kuanzia hapa hadi tambarare, kwa sababu wananiamini. Yule binti mwembamba ukurasa wake utakuwa wa kijivu. Nilimjibu kwamba desturi nimeitunga mimi na watu wote wakaikubali. Amejibu. Anayejibu ni kivuli.

"Kanuni ni kanuni," nikasema.

Nilisikia nikisema. Yalitoka kinywani kwangu laini, kwa adabu, na Navoneiwa akanitazama. Yeye ndiye aliyeambiwa maneno hayo siku ile, simu sikioni, mikono imelowa. Alivaa kiatu kimoja, akabaki na kingine mkononi.

Mtoto wa Nanzia alikuwa ananivuta kanga, anataka uji. Hasira haikunitoka, msidhani. Ilinijaa mpaka machoni. Lakini sasa haikujua imwangukie nani, na hicho ni kitu kibaya kuliko hasira yenyewe.

Boksi likasema tena.

"Mama Nanzia, nimejibu, najua. Ila mji nakupa vilevile. Nakupa Kwamshitu. Mlingoti na ufunguo wa ndiva, nimekutumia sasa hivi. Siombi uniingize. Niweke nje mimi, waingize wao."

Namsifu aligeuza kioo nione. Ufunguo wa Kwamshitu ulikuwa umeshaingia, umelala pale kando ya wetu. Akasema polepole kwamba hajawahi kuona mtu aliyetegua akatoa na mji. Nami sijawahi, na vitendawili nimeanza kabla meno yangu ya utoto hayajang'oka. Mshindi hatoi mji. Hakuna mashine itakayofikiria hilo, na watu wenyewe ni wachache.

Kwa hiyo sasa nilikuwa na funguo mbili. Ningeweza kumtoa, kumfuta, kukaa juu ya mlima na kuamua nani ana damu na nani hana. Nilizitazama funguo zile muda, na nikaona kwamba mtu yeyote anaweza kuwa Kasri, hata bibi anayelea mjukuu, akipewa sababu ya kutosha. Na mimi sababu nilikuwa nayo.

Mtu akipewa mji, lazima aende, arudi, aseme alichokuta. Ndivyo mchezo ulivyo. Nikasogea kwenye boksi.

"Nimekwenda Kwamshitu," nikasema. "Nimefika. Nimekuta mlingoti umesimama, nimekuta nyumba zina watu, nimekuta binti mmoja mwembamba anapumua kwa shida. Nimekaa, nimekunywa maji yao. Nimeondoka. Mji wao nimewaachia wenyewe, mimi siwezi kulala na ufunguo wa nyumba ya watu."

Nikamwambia Namsifu amrudishie. Nikauondoa mkono wake juu ya mkono wangu, nikabonyeza Mtu.

Mfereji ulifunguka kwa kishindo cha kurasa zilizokuwa zimekwama siku zote zile, za kwao zikija kwetu, zetu zikienda kwao. Ndiva zinaambiana zilipoishia. Ukurasa wa Damu ukaongezeka majina ya Kwamshitu, moja chini ya jingine, watu wa ng'ambo wakijiandika kwa haraka kama wanaogopa mlango utafungwa tena. Navoneiwa alikuwa ameshavaa kiatu cha pili, anasoma kwa kidole, anatafuta damu ya yule binti.

Jina la mwisho lilichelewa. Liliandikwa, likafutwa, likaandikwa.

Mbonea wa Lukio. O hasi. Na pembeni, mahali pa yupo au hayupo, hakuandika kama wengine. Aliandika: nipo.

Nilisoma neno lile mpaka herufi zikatetemeka. Laiti angeliandika wakati ule. Wakati ule. Nikambeba mtoto nikamchukulia uji wake.

Sauti ilikuwa bado iko kwenye boksi, inasubiri kama mtu aliyesimama barazani na kofia mkononi. Ikarudia, kwa woga, "Shikamoo, Mama Nanzia."

Namsifu aliniangalia. Nilipoza uji kwanza. Nikaonja. Nikamlisha mtoto kijiko kimoja, na kingine.

"Karibu nimekupa," nikamwambia. "Marahaba bado."